Majid bin Said, Mwenye Mji Tusiyemjua

Muulize mwanachuo yeyote anayepanda mwendokasi wa Kivukoni nani aliuanzisha mji wa Dar es Salaam. Mara nyingi utajibiwa Wajerumani. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Ifakara niliwauliza Kidato cha Pili swali hilohilo, nikajibiwa vilevile, tena kwa sauti moja. Siwalaumu hata kidogo. Katika vitabu nilivyosomea mimi mtu huyu ana sentensi moja au mbili, zimebanwa kati ya aya ndefu ya baba yake na aya ndefu ya mdogo wake, kama abiria wa katikati kwenye kiti cha watu watatu.

Mtu mwenyewe ni Majid bin Said. Alikuwa sultani wa kwanza wa Zanzibar iliyotengana na Omani, alitawala miaka 14, na akafa mwaka 1870 kabla hajafika miaka 40. Baba yake, Said bin Sultan, anakumbukwa kwa karafuu. Mdogo wake, Barghash, anakumbukwa kwa Beit el Ajaib na maji ya bomba. Majid alituachia mji ambao leo una watu wa mamilioni, na mjini humo ni wachache sana wanaolijua jina lake.

Mimi nimemfahamu kupitia ukuta. Likizo ndefu iliyopita wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa na programu ya kuzunguka mjini, kupima na kuchora majengo ya zamani. Walitaka watu wachache wa fani nyingine wa kuandika maelezo, nami wa ualimu nikajiandikisha, kusema ukweli kwa sababu kulikuwa na chakula cha mchana. Kila kundi lilipewa jengo lake. Wenzetu walipata Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, majengo ya Wajerumani yenye minara mizuri ya kupigia picha. Sisi tulipewa Old Boma, pale pembeni mwa barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Watu wengi hulipita wakiwahi boti za Zanzibar na hawageuzi hata shingo. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Majid, liwe nyumba ya wageni wake, kando ya kasri lake. Kasri lenyewe halipo tena. Boma limebaki, na siku hizi ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, kile wanachokiita DARCH, chenye maonyesho ya historia ya majengo ya Dar.

Niseme kidogo kuhusu jengo lenyewe maana bila hivyo mtu wake hataeleweka. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa kwenye dirisha unakuwa umekaa ndani ya ukuta. Mlango ni wa nakshi, kama ile ya Mji Mkongwe. Ukitazama juu unaona boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu zikibeba dari zito la mawe na chokaa. Kaka mmoja wa mwaka wa nne alitueleza jambo ambalo limenikaa hadi leo: upana wa chumba katika nyumba za namna hii hauamuliwi na mwenye nyumba, unaamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali, ni kama mita mbili na nusu au tatu hivi, basi vyumba vinakuwa vyembamba na virefu, hata kwa sultani. Mtu angeweza kuwa na fedha za kujaza jahazi lakini sebule yake isizidi urefu wa mti.

Kwetu Uchindile nyumba huanza na tofali za kuchoma na kuishia na bati. Miti ya kwetu ni misindano na mikaratusi, na mbao unaweza kukata ndefu utakavyo. Mkoko niliujua kwa jina tu. Lakini pwani yetu ghala kubwa la mikoko limekuwa delta ya Rufiji, ambako majahazi yalipakia boriti za kwenda Zanzibar, Arabuni na Ghuba. Na maji ya Rufiji ni maji yetu. Mnyera, Mpanga na Ruhudji zinaungana kuwa Kilombero, Kilombero inakutana na Luwegu, hapo ndipo Rufiji inapoanza. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha vile, lakini tangu siku hiyo niliacha kuliona boma lile kama kitu cha watu wengine.

Turudi kwa Majid. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1834. Mama yake, Sara, alikuwa Mserkasi, mmoja wa masuria wa Sayyid Said. Katika nyumba ile watoto walikuwa wengi na mama zao walikuwa wengi, kila mmoja na asili yake, na kila mtoto wa kiume alikuwa mgombea wa kiti hata kama hajafikiria kugombea. Kaka yake Khalid ndiye aliyetazamiwa kurithi Zanzibar. Khalid akafa mwaka 1854, na Majid akajikuta anashikilia kisiwa wakati baba yuko Maskati. Oktoba 1856 Sayyid Said akafia baharini akirudi, melini, karibu na Shelisheli. Majid akawa mtawala. Alikuwa na umri wa kama miaka 22.

Miaka 22 ndiyo yangu. Mimi katika umri huo nahangaika kupata boom kwa wakati na kumaliza ripoti ya mazoezi. Yeye alipewa kisiwa, pwani ndefu, baraza la wazee wa Kiarabu waliomtazama kama mtoto, mabalozi wa Ulaya waliotaka kila mmoja asikilizwe peke yake, na ndugu wawili waliotaka kiti chake. Zaidi ya hayo alikuwa mgonjwa. Dada yake Salme, ambaye tutakutana naye sasa hivi, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba Majid alikuwa na ugonjwa wa kifafa tangu utotoni, kwa hiyo hakuachwa peke yake. Daima palikuwa na mtu karibu wa kumshika.

Ndugu wa kwanza alikuwa Thuwaini, aliyebaki na Omani. Yeye aliona Zanzibar ni mali ya Maskati, na kwa hesabu za fedha hakukosea, maana utajiri ulikuwa umehamia huku: karafuu, pembe za ndovu, na watu waliouzwa. Mwaka 1859 akaandaa majahazi aje kuichukua kwa nguvu. Waingereza wakamrudisha njiani. Ugomvi ukapelekwa kwa gavana wao mkuu wa India, Lord Canning, naye mwaka 1861 akaamua: Zanzibar na Omani ziwe nchi mbili, Majid abaki na yake, ila kila mwaka ailipe Omani reale 40,000. Mwaka uliofuata Waingereza na Wafaransa wakatangaza kwamba wanatambua uhuru wa tawala zote mbili. Ukisoma haraka utaona Majid ameshinda. Ukisoma polepole utaona sultani ambaye kiti chake kimeamuliwa na ofisa wa kigeni aliyeko ng'ambo ya bahari, na ambaye sasa ana deni la kila mwaka.

Ndugu wa pili, Barghash, alikuwa hapohapo Zanzibar, na huyo alikuwa hatari zaidi. Mwaka huohuo 1859 akapanga kumpindua. Salme alikuwa binti wa miaka kama 15 tu, lakini alijua kuandika, ujuzi aliojifunza kwa siri, basi akafanywa karani wa njama. Dada mwingine, Khole, naye alikuwemo. Nyumba ya Barghash ikazingirwa. Akatoroka kwa kuvikwa mavazi ya kike, katikati ya dada zake, akapita mbele ya askari, akaenda kujifungia shambani Marseilles. Waingereza wakaingia tena. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay uhamishoni.

Hapa ndipo ninapomtazama Majid kwa makini. Watawala wa zama zile, na wa zama nyingine pia, walijua la kumfanyia ndugu msaliti. Majid hakuua mtu. Barghash alirudi baada ya kama miaka miwili, akakaa Zanzibar, akasubiri. Salme hakufungwa. Miaka michache baadaye Salme akapata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha. Agosti 1866 akaondoka kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, akabatizwa, akaolewa, akawa Emily Ruete. Katika kitabu chake, pamoja na kwamba aliwahi kushiriki kumpindua, anamkumbuka Majid kama mtu mwema. Wapo wanaouita wema huo udhaifu. Mimi naona mtu aliyechoka na vita vya nyumbani kwao. Na mtu aliyechoka namna hiyo hutafuta mahali pa kuhamia.

Mahali hapo palikuwa ng'ambo ya maji. Kusini mwa Bagamoyo kuna hori lenye mdomo mwembamba. Ukishaingia ndani maji yanatanuka, yametulia, yana kina. Kando yake palikuwa na kijiji cha Mzizima, cha Washomvi waliofanya biashara na kuvua, na nyuma yao Wazaramo wenye mashamba na mapazi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Majid alilitazama hori hilo akaona mji. Ujenzi ukashika kasi kuanzia 1865 na 1866. Jina likawa Dar es Salaam. Watu husema maana yake ni bandari salama, wengine nyumba ya amani. Kwa Kiarabu dar ni nyumba, makao, na ukiyafahamu maisha ya mtu huyu utaona kwamba neno nyumba linamfaa vizuri zaidi.

Hesabu zake hazikuwa za ndoto tupu. Bandari ya Zanzibar ilikuwa imejaa mabalozi waliomchungulia mchana na usiku. Bagamoyo ilikuwa na biashara ya misafara lakini haina bandari. Meli hutia nanga mbali, mizigo hubebwa kwa mitumbwi na mabegani. Kilwa ilikuwa mbali kusini. Akiweka mji wake katikati, misafara ya bara ingeshuka kwake, mashamba ya minazi yangelisha soko, na yeye angekaa bara juu ya ardhi yake, mbali na ndugu na mabalozi. Akawaita Wahindi, Mabaniani na Makhoja, waje kufungua maduka. Akawaita Waarabu wa Hadhramaut. Mafundi wakaletwa. Minazi ikapandwa. Septemba 1867 akawaalika mabalozi wa kigeni, Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Wamarekani, akawafanyia karamu kubwa katika mji ambao bado ulinuka chokaa mbichi. Wakazi wakati huo hawakufika elfu moja. Nimejaribu kuwaza Dar yenye watu wachache kuliko hosteli zetu. Nimeshindwa.

Wenzangu wa usanifu walipofika hapo walikuwa wamemaliza. Walikuwa na michoro yao ya mlango, vipimo vya ukuta, mchoro wa mkato unaoonyesha boriti na dari, na majadiliano marefu kuhusu namna hewa inavyozunguka. Kazi nzuri, sina ubishi. Ila mimi wa historia nilibaki na swali ambalo karatasi za kuchorea hazina mahali pa kuliandika: nani alibeba mawe?

Mawe ya matumbawe hukatwa, hubebwa, hupangwa. Chokaa huchomwa kwa kuni nyingi siku nzima na usiku. Boriti hukatwa kwenye tope la mikoko, ukiwa umezama hadi magotini. Zama za Majid kazi ya namna hiyo ilifanywa na watumwa, na minazi ya Dar es Salaam ilipandwa na watumwa. Fedha za kujengea nazo zilitoka forodhani. Forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyosimamiwa na Ladha Damji. Hao walikusanya ushuru na kumkopesha sultani, naye deni lake likawa linakua. Na ushuru huo ulitozwa kwa kila kitu kilichopita: pembe, karafuu, nguo, na kichwa cha mtu. Katikati ya miaka ya 1860 watu karibu 20,000 kwa mwaka waliandikishwa kupitia bandari ya Kilwa peke yake. Wengi walitembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi zilizo njiani. Biashara hiyo ndani ya milki ya sultani ilikuwa halali wakati huo. Mkataba wa kuifunga kwa njia ya bahari na kufunga soko la Zanzibar ulikuja 1873, Majid akiwa kaburini.

Ukitoka Uchindile huwezi kusoma habari hizo kama msomaji wa mbali. Reli ya TAZARA niliyopanda kuja chuo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako kwa mahandaki na madaraja. Kabla ya reli palikuwa na miguu ya watu. Bonde letu na milima inayolizunguka viko kati ya Nyasa na pwani, na wazee wetu wanasimulia za vita vya karne ile, za watu kukimbilia milimani, za waliochukuliwa na hawakurudi. Sisemi kwamba mtu wa Uchindile alibeba jiwe la Old Boma. Sina ushahidi wa hilo na sitaubuni ili makala inoge. Ninachosema ni kwamba nilipoweka kiganja kwenye ukuta ule kuchukua kipimo, sikuwa nashika jiwe la sultani tu.

Kwa hiyo nikipewa darasa tena, Majid nitamfundisha vipi? Wapo wanaotaka awe shujaa mwanzilishi, tumjengee sanamu pale Kivukoni. Wapo wanaotaka asitajwe kabisa, kwa kuwa alikuwa Mwarabu na mwenye watumwa, basi mji uanzie kwa Mzizima na urukie kwa TANU. Nawaelewa hao wa pili kuliko wa kwanza. Lakini ukimfuta Majid, unamfuta pia yule aliyebeba jiwe, maana jina lake halikuandikwa popote na ushahidi pekee wa kazi yake ni ukuta ambao Majid aliuamuru. Ukibomoa ukuta kwa hasira, au, kama inavyotokea zaidi katikati ya mji wetu, ukiubomoa ili upate nafasi ya ghorofa la vioo, matokeo kwake ni yaleyale.

Miaka ya mwisho ya Majid haikuwa mizuri. Afya ilidhoofika. Kipindupindu kikaingia Zanzibar mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870, kikachinja maelfu ya watu. Madeni yalikuwa yamemfika shingoni. Bado alikuwa akienda na kurudi Dar es Salaam, ambako nyumba zilikuwa zinapanda polepole kuliko alivyotaka. Inasimuliwa kwamba alianguka ndani ya kasri lake jipya la Dar na kwamba anguko hilo ndilo lililoharakisha kifo chake. Kwa mtu mwenye maradhi yake, si jambo gumu kuamini. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1870, akazikwa Zanzibar. Hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti, Khanfora. Kiti kikaenda kwa Barghash, yuleyule wa Marseilles, yuleyule wa mavazi ya kike.

Barghash hakuitaka Dar es Salaam. Fedha zake alizimwaga Zanzibar, akajenga makasri, akajenga Beit el Ajaib mwaka 1883. Mji wa kaka yake ukaachwa. Majengo ambayo hayakuwa yamekamilika hayakukamilika kamwe. Kuta zikaota miti, mizizi ikaingia kwenye chokaa. Watumwa na wakulima waliendelea na minazi, wenye maduka waliendelea na maduka, Wazaramo waliendelea kuleta vyakula na sandarusi. Yaani mji haukufa, uliendelea bila mwenyewe. Mwaka 1877 kampuni ya Waingereza chini ya William Mackinnon ilianza kujenga barabara kutoka Dar kuelekea Ziwa Nyasa, yaani kuelekea upande wa kwetu. Ikafika kama kilomita mia moja na ushei, ikaachwa. Mwaka 1879 msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson uliondokea hapohapo Dar. Johnston akafia Behobeho, Thomson akaendelea mpaka Nyasa. Watu waliotaka kwenda kusini walikuwa wameshaona alichokiona Majid: hori lile ndilo mlango.

Wajerumani walikuja 1887, miaka 17 baada ya kifo chake. Walikuta bandari nzuri, maduka ya Wahindi, watu elfu kadhaa, na majengo ya mawe ambayo mengine yalikuwa magofu. Wakayatumia. Old Boma likawa ofisi yao kabla hawajajenga zao. Mwaka 1891 wakahamishia makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo, na sababu yao ilikuwa ileile ya Majid, meli kubwa zinaweza kuingia. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Wajerumani walianzisha Dar huwa nashindwa kunyamaza, hata kwenye mwendokasi. Walikuta mji umeshapata jina, bandari na watu.

Nimalizie na nyumba ya pili, ambayo kundi letu lilipewa wiki ya mwisho kwa sababu tulimaliza mapema. Si mbali na Old Boma kuna nyumba ya mapadre wa White Fathers, inaitwa Atiman House. Nayo inahesabiwa kati ya majengo yaliyobaki ya zama za Majid. Inaelezwa kwamba ilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wanawake wa nyumba ya sultani. Mapadre waliinunua mwaka 1922. Imepewa jina la Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger, Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara, akakombolewa na wamisionari huko Algeria. Alisomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu hapo kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki 1956.

Tuliipima nayo. Vyumba ni vilevile, vyembamba, vya urefu wa mkoko. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa akiandika jina la jengo pembeni mwa mchoro wake, akasita kidogo akiuliza aandike jina gani, la sultani aliyeijenga au la daktari. Tuliangalia kibao kilichoko nje, akaandika lililokuwa pale.